Vidole vya Fundi Veijo

"Gari halina kitu," alisema Veijo, akaendelea kupaka siagi mkate wake. "Nimelipiga jeki, nimelitikisa gurudumu juu chini, kushoto kulia. Limekaza utadhani jipya."

"Linagonga," akasema Tuire.

"Kwenye baridi hii kila kitu kinagonga. Hata mimi nikiinuka kitandani nagonga."

"Wewe unagonga magoti. Lile linagonga chini ya miguu yangu, upande wa kulia. Asubuhi nikitoka hapa, kimya. Nikishazungukia wagonjwa wawili watatu, limeshapata moto, ndipo linaanza. Shimo, kok. Tuta, kok. Halafu linakuja kulala hapo uani kwenye baridi usiku kucha, wewe unatoka asubuhi unalitikisa, unarudi kuniambia halina kitu."

"Kwa sababu halina."

Nje bado giza, na kipimajoto cha dirishani kilionyesha karibu nyuzi thelathini chini ya sifuri. Gari dogo jekundu la Tuire lilikuwa limechomekwa waya wa umeme kwenye nguzo yake, injini ipate joto la kuwaka. Tuire alikuwa muuguzi wa kuwatembelea wazee majumbani. Kutoka mjini Kuhmo mpaka kwa mgonjwa wake wa mbali kabisa ni msitu mtupu, na barabara ni hiyo hiyo moja wanayoipita madereva wa malori ya magogo, watu wasiojua kupunguza mwendo wala kumpisha mtu. Gurudumu likimvunjikia huko, ni yeye na lori na Mungu wake. Veijo alilijua hilo vizuri kuliko mkewe, maana alikuwa fundi magari miaka yote ya ndoa yao, fundi hasa, si wa kubabaisha.

"Kwa nini basi usiliingize gerejini, lilale kwenye joto usiku mmoja?" Tuire aliuliza.

"Kuni za gereji zimepungua."

"Kuni! Tunaishi msituni, Veijo!"

Veijo aliivuta chupa ya jamu, akakishika kifuniko, akakizungusha. Kikafunguka pale pale, bila kumsumbua. Usoni hakuonyesha kitu, lakini moyoni alifurahi kama mtoto. Unaona, akajisemea, mikono bado ipo.

Kusema kweli mikono ile ilikuwa na siri yake. Ukishinda mwaka baada ya mwaka na mashine za upepo za kufungulia nati, ukirudi nyumbani ukashika msumeno wa injini, ule mtetemo unakuingia vidoleni na hautoki tena. Kwa Veijo ulianzia nchani. Vidole viligeuka vyeupe kila baridi ilipovigusa, vikafa ganzi, vikarudi baadaye kwa maumivu ya sindano. Mwishowe vikawa havirudi vyote. Vuli iliyopita alikuwa gerejini kwake akifunga nati ndogo, akafungua kiganja aitazame, akakuta haimo. Ilikuwa imeanguka zamani, naye alikuwa amekunja ngumi akiilinda hewa. Siku ile alizima jiko la gereji, akafunga mlango, na hakuwasha tena.

Hakumwambia mtu. Kule karakana ya mjini aliaga kwa kusingizia mgongo. Mgongo ni ugonjwa wa heshima, hakuna anayeuchungulia. Watu walimpa pole, wakamnunulia kahawa, na karakana akaachiwa Ensio, kijana aliyejifunza kazi chini ya mikono ya Veijo mwenyewe.

"Haya," Tuire akasema, akavaa koti. "Kama halina kitu, halina kitu."

Lakini alivyoufunga mlango, madirisha yote yalijua amekasirika.

*

Jumamosi waliingia sauna, kibanda chao cha kuogea mvuke, kama kawaida. Ndani ya sauna mtu hagombi. Kwa hiyo walikaa pale juu kwenye benchi kwa adabu, wakamwagia mawe ya moto maji, wakazungumzia theluji ya paani na mbwa wa jirani. Kwenye joto lile vidole vya Veijo viligeuka vyekundu, vikawasha, vikaanza kusikia. Alivichezesha gizani kimoja kimoja. Kwa muda ule alikuwa mzima, na alijiambia kwamba mtu aliye mzima sauna hawezi kuwa mgonjwa uani.

Walisubiri mpaka wametokea chumba cha kuvalia, ndipo wakagombana.

"Jumatatu nitalipitisha kwa Ensio," alisema Tuire, akijifunga taulo kichwani.

"Kwa nani?"

"Umenisikia."

"Ensio! Yule mtoto nilimfundisha mimi upande upi ni wa kufungua na upi wa kufunga!"

"Ndiyo, na ulimfundisha vizuri. Ndiyo maana namtaka."

"Tuire wee, hebu fikiri. Juzi tu pale kwenye kahawa ya kituo cha mafuta, Ensio mwenyewe akiwapo, nimesema nimelipima gari lako, ni zima. Sasa mke wangu akamwendee na gari hilo hilo? Mimi nitaingia pale na uso gani?"

"Na huo huo. Huna mwingine, na wenyewe si mzuri kivile."

Siku nyingine angecheka. Siku hiyo ilimchoma. Alisimama katikati ya kile chumba kidogo, shati limekwama kichwani nusu, akaisikia sauti yake ikipanda.

"Nakwambia nimelishika kwa mikono yangu hii! Miaka yote hii nimewapa watu magari wakapanda na watoto wao, hakuna hata mmoja aliyeniuliza mara mbili. Wewe ndiye huniamini?"

Tuire alimtazama usoni, kisha akatazama mikono yake, kisha akainama kutafuta soksi.

"Haya," akasema, bado ameinama. "Nakuamini."

Veijo alikuwa ameshinda. Alirudi nyumbani akitangulia kwenye theluji, na hakupata raha yoyote ya ushindi huo.

*

Usiku wa Jumapili hewa iligeuka. Upepo ulitoka kusini, na kufikia asubuhi baridi yote ile ilikuwa imekwenda zake. Maji yalichuruzika kutoka kwenye paa, theluji ikawa nzito kama uji wa jana. Tuire aliondoka mapema. Alikuwa na kazi ya kumwogesha bibi Aune, kule mwisho wa barabara ya msituni, kisha amlete mjini kwa daktari.

Veijo alitoka na koleo kuondoa theluji iliyoporomoka mlangoni. Alipofika pale gari linapolala, akasimama. Kwenye theluji nyeupe, mahali palipokuwa na gurudumu la mbele la kulia, palikuwa na kitundu kilichochimbwa na matone, na kando zake zilikuwa za rangi ya kahawia.

Alivua glavu, akachota kidogo, akasugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Vidole havikumwambia kitu. Akatazama huku na huku kama mwizi, akakipeleka kile kitone mdomoni, akakisaga kwa meno ya mbele. Mchanga. Kutu na mchanga na grisi iliyooza.

Akachutama, akakitazama tena kile kitundu.

Nyuma ya gurudumu la mbele, kwa ndani, kuna kifundo, mafundi hukiita boljointi: tufe la chuma ndani ya kikombe chake, na juu yake kofia ya mpira ya kuzuia maji. Hicho ndicho kinacholishika gurudumu lisianguke ubavu. Kofia ikipasuka, maji huingia, grisi hutoka, kutu hula chuma mpaka tufe linacheza ndani ya kikombe. Linapogonga ndipo unapojua. Lakini kwenye baridi kali maji yale huganda, na barafu hulikamata tufe kwa nguvu kuliko grisi yoyote. Tikisa upendavyo, halitikisiki. Ndiyo maana mafundi wa kule, kabla ya kulipima gari wakati wa baridi, hulilaza ndani kwenye joto usiku kucha. Veijo mwenyewe alikuwa na usemi wake aliowakaripia nao vijana wa karakana: "Wewe mtoto, unapima gari au unapima barafu?"

Leo yeye ndiye aliyepima barafu. Asubuhi kimya, likipata moto linagonga. Mkewe alikuwa amemweleza ugonjwa wote mwanzo mpaka mwisho, pale pale mezani, na yeye alikuwa anapaka siagi.

Alitoa simu mfukoni. Kioo hakikuvitambua vidole vyake, vilivyokuwa vimeshakuwa vyeupe na vikavu. Alibonyeza, akabonyeza, akatukana, mwisho akaiinua simu akabonyeza jina la mkewe kwa pua. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena kwa pua. Tuire akiwa anamwogesha mgonjwa simu hukaa ndani ya mkoba, na Veijo alilijua hilo, lakini alipiga mara ya tatu hata hivyo, akiwa amesimama uani na mvuke unamtoka mdomoni.

Gari lingine hawakuwa nalo. Kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye lori la kuvutia magari.

"Karakana, Ensio hapa."

"Ni Veijo."

"Fundi! Mgongo unasemaje?"

"Achana na mgongo. Lete lori la kuvuta. Sasa hivi. Gari la Tuire, boljointi ya kulia imekwisha, naye yuko nalo huko kwa bibi Aune."

"Lile jekundu? Si ulituambia juzi umelipima?"

Mtu anaweza kusema mengi mahali kama hapo. Angeweza kusema kwamba kifaa kimekufa ghafla, kwamba barabara ni mbovu, kwamba vipuri vya siku hizi ni vya hovyo. Yote yalimpitia kichwani, na yote yalikuwa tayari.

"Nililipimia nje," alisema.

Ensio alikuwa amekaripiwa kwa kosa hilo mara nyingi kuliko mtu yeyote mjini, na kama angetaka kucheka, siku yake ilikuwa hiyo.

"Vaa viatu," akasema Ensio. "Nakuja."

*

Barabara ilikuwa imevaa maji juu ya barafu, na Ensio aliliendesha lori ameinama mbele, kifua kwenye usukani. Veijo alitazama mitaroni. Kila alama ya tairi iliyotoka barabarani ilimkata pumzi. Kila lori la magogo lililowapita kwa kishindo alilitazama mbele yake, kwenye bampa, akitafuta rangi nyekundu, kisha akajichukia kwa kutafuta.

Aliogopa. Hakuwahi kuogopa hivyo hata siku alipoangukiwa na injini. Aliwaza jinsi Tuire alivyoinama kutafuta soksi, na jinsi alivyosema "nakuamini" bila kumtazama.

"Huenda bado hajatoka kwa bibi," Ensio alisema. "Bibi Aune hatoki nyumbani mpaka apate kofia anayoitaka."

"Endesha."

"Naendesha, mzee wangu."

Walipopinda kuingia njia ya bibi Aune, gari jekundu lilikuwa uani. Moshi ulikuwa unatoka nyuma, taa zimewashwa, na kwenye kiti cha mbele bibi Aune alikuwa ameshakaa na mkoba wake mapajani na kofia ya kijani kichwani. Tuire alikuwa anafungua mlango wa dereva.

Veijo aliruka kabla lori halijasimama.

"Zima! Zima injini! Usiingie!"

"Ala! Kuna nini?" Tuire alishika kifua. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Zima kwanza."

Bibi Aune aliteremsha kioo. Alikuwa amezeeka kiasi cha kutomwogopa mtu yeyote.

"Tuire mwanangu, ndiye mumeo huyu? Mwambie uani kwa watu mtu husalimu kwanza."

"Hujambo bibi," Veijo akasema, akihema. "Naomba ushuke."

"Nimechukua nusu saa kuingia humu!"

Walipokwisha kushirikiana kumshusha na kumkalisha kwenye benchi la barazani, Ensio akapiga jeki. Veijo alilala chali kwenye theluji ya majimaji, akaupenyeza mtaimbo kati ya mkono wa gurudumu na kile kifundo, akaunyanyua. Tope la chumvi na barafu lilikuwa limefunika kila kitu. Kwa macho usingeona chochote. Kazi ile ni ya kidole: unaweka kidole kwenye mwanya, unanyanyua, unasikia kama chuma kinaruka.

Veijo aliweka kidole. Akanyanyua. Kidole kilikuwa pale, alikuwa anakiona, ila kingeweza kuwa cha mtu mwingine.

"Vipi, fundi?" Ensio aliuliza, amechuchumaa. "Niangalie mimi?"

Na hapo palikuwa na njia rahisi. Angesema tu "imekwisha, ivute", na gari lingepandishwa lorini, na hakuna mtu angeuliza zaidi. Vidole vingebaki siri. Mgongo ungeendelea kuwa mgongo.

"Subiri," akasema. "Tuire, njoo hapa. Vua glavu."

"Mimi?"

"Njoo ulale hapa. Weka kidole chako hapa, kati ya hivi viwili. Mimi nitanyanyua."

"Lakini fundi ni wewe, Veijo. Mimi nitajuaje?"

"Utajua. Mimi sijui. Mimi sisikii." Alikuwa anaongea na sakafu ya gari, maana kutazama watu kulimshinda. "Vidole vimekufa, Tuire. Si mgongo. Haujawahi kuwa mgongo. Siku ile nilipolitikisa lile gurudumu sikusikia kitu, na sikujua kama ni gari halina kitu au ni mimi sina vidole. Nikachagua kusema ni gari."

Maji yalichuruzika kutoka kwenye paa. Ensio alipata ghafla kitu cha kuangalia kwenye kamba ya lori lake.

Tuire akalala chini kando ya mumewe na sare yake ya kazi, bila kuuliza tena. Aliweka kidole. Veijo akanyanyua mtaimbo. Tuire akauvuta mkono wake kama aliyegusa jiko.

"Kinaruka," akasema. "Mungu wangu, Veijo. Kinaruka."

"Sana?"

"Nusu ya kidole changu inaingia."

Veijo alitaka kumshika, lakini alikuwa chali chini ya gari na mtaimbo mkononi, kwa hiyo aliegemeza tu paji la uso wake kwenye bega la mkewe, wakabaki vivyo hivyo kidogo.

"Mnatafuta nini huko chini muda wote huo?" bibi Aune akaita kutoka barazani. "Mimi nina daktari!"

Basi gari jekundu likavutwa juu ya lori, na bibi Aune akapakiwa mbele katikati, kati ya Ensio na Tuire, kofia yake ikigusa paa. Alisema kwamba katika umri wake wote hajapanda kitu kirefu hivyo, na kwamba daktari atasubiri hata saa ngapi akimwona anateremka kutoka humo. Veijo alibaki pale kwa bibi kulinda jiko na kumpa paka wake maziwa mpaka watakaporudi.

"Niliweke wapi gari, fundi?" Ensio aliuliza akiwa ameshika mlango. "Kwangu au kwako?"

Veijo alifikiri.

"Kwangu," akasema. "Uniletee na boljointi mpya."

Ensio aliitikia kwa kichwa tu. Tuire alishuka tena kutoka kwenye lori, akavua glavu zake za sufi, akamvika Veijo mkono mmoja mmoja, akazivuta mpaka kwenye kifundo cha mkono kama anavyowavika wazee wake.

"Tutaongea," akamwambia.

*

Jioni ya kesho yake jiko la gereji lilikuwa linavuma. Gari lilikuwa limeinuliwa, na maji ya mwisho yalishatoka yakakauka sakafuni. Tuire alikuwa amevaa ovaroli ya mumewe, mikono imekunjwa mara mbili, na Veijo alikuwa amekaa juu ya tairi akimwelekeza kwa mdomo.

"Zungusha kushoto."

"Nazungusha kushoto."

"Hiyo ni kulia."

"Kushoto kwangu au kushoto kwa nati?"

"Nati haina kushoto, mwanamke! Kaa upande wake, uitazame usoni, halafu kushoto."

"Uliwafundisha hivi wale watoto? Ndiyo maana walikuwa wakilia."

Nati ikaachia kwa mlio. Tuire akapiga kelele ya furaha. Kifundo cha zamani kilitoka kwa nyundo, na Veijo akakipokea kiganjani. Tufe lilining'inia kwenye kikombe kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Alilisukuma kwa kidole gumba, likaenda huku na huku bila kizuizi.

Ilikuwa baadaye, Tuire akiwa amemgeuzia mgongo akikipachika kile kipya, ndipo alipoongea.

"Chupa za jamu," akasema.

"Chupa gani?"

"Zote. Za jamu, za matango, kopo la kahawa. Nazifungua kabla hujaamka. Nafungua, halafu narudishia kifuniko kidogo tu, kikae juu juu. Tangu mwaka jana."

Veijo hakumwelewa mara moja. Kisha akaelewa, na uso ukamchoma mpaka masikioni.

"Kwa hiyo ulijua?"

"Mimi ni muuguzi, Veijo. Nafunga vifungo vya watu kutwa nzima. Nisijue vyako?" Alikuwa bado hajageuka. "Nilidhani nakuhurumia. Nilisema mwache apate hiki kimoja asubuhi, afurahi. Kumbe nilikuwa nakufundisha kuiamini mikono isiyokuwapo. Ningekuacha ushindwe na chupa, usingesema gari ni zima. Jana nimelala chini pale, kidole changu kinaingia kwenye ule mwanya, na nilichowaza ni jamu."

"Na ile Jumamosi? Uliposema unaniamini?"

"Nilijua vidole vyako havisikii. Nilisema ili tu usiumie."

"Halafu Jumatatu ukaliendesha."

"Nikaliendesha."

"Na bibi wa watu ukampakia."

"Nikampakia."

Veijo alisimama. Alitaka kupiga kelele, akafungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa kelele.

"Ungekufa kwa ajili ya jamu!" alisema, machozi yanamtoka. "Jamani, Tuire! Jamu!"

Tuire alicheka kwanza, kicheko kibaya cha kuvunjika, kisha wote wawili wakalia wakiwa wamesimama kando ya gari, Tuire na grisi mpaka viwikoni, Veijo amemshika mabegani kwa mikono aliyoiona ikimshika zaidi ya kuisikia. Walikuwa watu wasiolia ovyo. Walimaliza haraka, wakajipangusa kwa tambara moja, lililowaacha wachafu zaidi.

Kisha kazi ikaendelea, maana kesho kulikuwa na wagonjwa. Tuire alikaza nati, akapitisha pini ndogo ya kuizuia isilegee, akazikunja ncha zake kwa koleo dogo kama alivyoambiwa. Gurudumu likarudi mahali pake.

"Tikisa," Veijo akasema.

Tuire alilishika juu na chini, akalitikisa. Akalishika kushoto na kulia.

"Halina kitu."

Mkono wa Veijo ulikuwa umeshatoka mfukoni kwenda kuhakikisha. Aliuona, akaurudisha.

"Basi," akasema. "Kama umesema halina, halina."

*

Asubuhi kahawa ilikuwa tayari na mkate umekatwa. Tuire alikuwa amesimama kwenye sinki, amempa mgongo, anaosha kikombe kilichokuwa kisafi. Veijo aliivuta chupa ya jamu, akakishika kifuniko, akakizungusha.

Hakikwenda. Akajaribu tena kwa kitambaa, akiwa ameikumbatia chupa kifuani, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Hakikwenda. Pale kwenye sinki maji yalikuwa yameacha kutiririka, lakini Tuire hakugeuka.

Veijo aliiweka chupa katikati ya meza.

"Tuire," akasema. "Nifungulie."

Alikuja, akafuta mikono kwenye aproni, akaishika chupa. Hata yeye ilibidi akunje uso kidogo. Kifuniko kikalia, kikaachia, akamrudishia.

"Ulikifunga kwa nguvu mno," Veijo alisema.

"Nilikifunga kama watu wanavyofunga," akasema Tuire, akaketi, akavuta mkate wake.